Mshika Mawili

Mpwa wangu anaishi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, na kazi yake ni kuendesha gari la abiria usiku. Mwaka jana, mwezi wa Mei, alinipigia simu na kuniuliza suali ambalo sikutarajia kuulizwa na mtu yeyote wa ukoo wetu. Baada ya kunipa shikamoo na kuulizia habari za wazee mmoja mmoja, alisema: "Mjomba, wewe umesomesha miaka mingi, nipe rai yako. Nibebe bastola moja tu mwaka mzima, au ninunue na ya pili?"

Akanieleza. Bastola aliyonayo ni ya umbo la wastani, naye huivaa kiunoni ndani ya ala yake, chini ya koti. Wakati wa baridi hapana anayeiona. Lakini kiangazi cha huko kina joto, watu huvaa fulana nyepesi, na kitu kile huchomoza. Hivyo amefikiria kununua nyingine ndogo kwa ajili ya miezi ya joto. Wenzake anaofanya nao mazoezi ya shabaha wamegawika makundi mawili, kila kundi lina hoja zake, naye amebaki katikati.

Nilishangaa, na kilichonishangaza zaidi ni jinsi suali lilivyopangwa. Suali la kwanza, la kubeba au kutobeba, lilikuwa limeshapita. Limepita kimyakimya, kama mgeni aliyeingia kwa mlango wa nyuma, na sasa tulikuwa tukijadili atalala chumba gani. Hata hivyo sikutaka kumjibu kijana kwa kukemea. Suali dogo likifuatwa hadi mwisho wake huweza kumrudisha mtu kwenye suali kubwa aliloliruka. Ndivyo nilivyojaribu kufanya, na ndivyo ninavyokusudia kufanya hapa.

Kwanza yafaa tuijue nchi anayoishi. Marekani haikuwa siku zote kama ilivyo leo. Mwaka 1813 majimbo ya Kentucky na Louisiana yalipitisha sheria za kukataza kubeba silaha zilizofichwa. Mwaka 1850 mahakama ya juu ya Louisiana, ikimhukumu mtu aitwaye Chandler, ilishikilia kwamba kubeba silaha waziwazi ni haki ya raia, ama kuificha ni mwenendo unaomwelekea muuaji wa kuvizia. Waliofikiri hivyo hawakuwa mawalii. Nchi yao ilikuwa nchi ya utumwa, na haki waliyoisema haikuwa haki ya kila mtu. Lakini jambo moja waliliona: silaha inayoonekana humtahadharisha jirani, na iliyofichwa humnyima tahadhari hiyo.

Mawazo hayo yamegeuka juu chini. Mwaka 1987 Florida ilipitisha sheria ya kumpa leseni ya kubeba silaha ya siri kila aliyetimiza masharti, na majimbo mengi yakaifuata njia hiyo. Ohio ilianza kutoa leseni zake mwaka 2004. Mwezi wa Juni 2022 mambo mawili yalitokea karibu kwa pamoja: Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri lililotoka New York, ilitamka kwamba Katiba inalinda haki ya kubeba bastola nje ya nyumba; na Ohio ikaondoa sharti la leseni kwa mtu mzima wa miaka 21 asiyezuiliwa na sheria. Leo zaidi ya nusu ya majimbo 50 hayadai leseni. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu wazima wapatao milioni 6 walibeba bastola kila siku, takriban mara mbili ya mwaka 2015. Kwa hiyo mpwa wangu hakuuliza jambo la ajabu huko aliko. Ameuliza kama mtu wa kwetu anavyouliza kiatu kipi cha kuvaa wakati wa masika.

Sasa tuzisikilize hoja za pande mbili.

Wanaosema "moja tu" hutegemea mkono. Bastola, wasema, hutumika katika nukta ambayo mtu hana nafasi ya kufikiri. Mkono ndio utakaofikiri. Lakini bastola hazifanani. Ile iliyobuniwa kwa mfano wa Colt wa mwaka 1911 ina kizuizi ambacho lazima kidole gumba kikiteremshe kabla risasi haijatoka; Glock haina kizuizi cha namna hiyo. Moja kifyatulio chake ni kizito, nyingine chepesi. Moja mpini wake hujaza kiganja, nyingine humwachia kidole cha mwisho kikielea. Abadilishaye kila msimu huufundisha mkono wake lugha mbili, kisha hutumai kwamba siku ya hofu utatamka ile inayotakiwa. Mwaka 1952 mwanasaikolojia wa Kiingereza, William Edmund Hick, alionyesha kwa majaribio ya taa na vifungo kwamba kadiri uchaguzi unavyozidi ndivyo mtu anavyochelewa kujibu. Walimu wa shabaha hupenda kuitaja kanuni hiyo, na hata wahenga wetu waliifahamu kwa njia yao: mshika mawili moja humponyoka.

Upo ushahidi mzito zaidi kuliko taa za Hick. Tarehe 11 Aprili 2021, katika mji wa Brooklyn Center, Minnesota, askari polisi Kimberly Potter alikuwa akishiriki kumkamata kijana wa miaka 20, Daunte Wright. Alikuwa na silaha mbili mwilini: upande mmoja bastola, upande wa pili kifaa cha Taser kinachomlemaza mtu kwa umeme bila ya kukusudiwa kuua. Alikusudia umeme. Alipaza sauti akiutaja umeme. Mkono ulitoa bastola, na kijana akafa. Potter alikuwa na utumishi wa miaka 26. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo alitiwa hatiani kwa kuua bila ya kukusudia. Vitu hivyo viwili vilitofautiana kwa rangi, kwa uzito na kwa upande wa mwili, wala muda wa mazoezi haukumpungukia. Na bado mkono ulikosea. Mbele ya habari kama hii, mtu anayedai kwamba yeye hawezi kuchanganya bastola mbili zinazokaribiana umbo, amejiamini kupita kiasi.

Wanaosema "zaidi ya moja" nao hawakosi hoja. Hao hutegemea mwili na mavazi. Silaha kubwa, wasema, huachwa nyumbani siku ya joto, na silaha iliyoachwa nyumbani haimlindi mtu barabarani. Kwa hiyo heri ndogo iliyo mkononi kuliko kubwa iliyo kabatini. Hoja hii ni ya zamani: mwaka 1950 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa bastola fupi ya silinda yenye risasi tano, na kwa miongo mingi hiyo na za aina yake ndizo zilizovaliwa na wasiotaka kuonekana. Lakini hoja hii nayo imepungua nguvu. Mwaka 2018 kampuni ya SIG Sauer ilitoa bastola ndogo, P365, inayochukua risasi 10, na wengine wakafuata. Mafundi wameipunguza tofauti baina ya ya baridi na ya joto kiasi kwamba aliyetaka moja kwa mwaka mzima anaweza kuipata.

Kwa hiyo tukibaki katika uwanja wa ufundi, nadhani kundi la kwanza limeshinda. Anayebeba, na abebe moja. Ningeweza kumjibu mpwa wangu hivyo kwa sentensi moja na tukaagana. Kilichonizuia ni kwamba ushindi huu umejengwa juu ya neno ambalo si la ufundi hata kidogo. Neno hilo ni hulka.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliieleza hulka kuwa ni hali iliyojikita katika nafsi, ambayo vitendo hutoka humo kwa wepesi bila ya kuhitaji kufikiri wala kupima. Msomaji ataona kwamba hiki ndicho hasa wanachokitafuta walimu wa bastola: kitendo kitoke kwa wepesi bila ya fikra. Lakini Ghazali alikuwa akizungumzia ukarimu na ubahili, upole na hasira. Alijua kwamba jambo linalorudiwarudiwa haliishii mkononi, hushuka moyoni. Sasa tujiulize: mtu anayesimama mbele ya kioo kila asubuhi akijizoeza kuchomoa, hujizoeza kumchomolea nani? Hapana uchomoaji usiokuwa na mtu mbele yake, japokuwa ni mtu wa dhana. Mara elfu moja mtu huyo wa dhana amekuja na nia mbaya, na mara elfu moja amepigwa. Mkono umejifunza kuchomoa, na jicho nalo limejifunza kumwona mtu huyo. Abiria anayepanda nyuma usiku hupanda ndani ya gari ambamo ameshauawa mara nyingi kimazoezi.

Nimesema haya nikijua nitakavyojibiwa. Ni rahisi kwako, ataniambia msomaji, unayekaa barazani Mji Mkongwe na kikombe cha kahawa, kuwapa mawaidha wanaoendesha magari usiku katika mji wa ugenini. Jibu hilo ni la haki, na mpwa wangu alilisema kwa adabu kuliko nilivyoliandika. Mwaka 2023 abiria mmoja alimwekea kisu shingoni, akachukua simu na fedha za usiku mzima, akashuka, akatokomea. Kijana alirudi nyumbani na uhai wake na alama nyekundu chini ya sikio. Wiki iliyofuata alikwenda dukani. Mimi sikuwemo ndani ya gari lile. Sina haki ya kumwambia kwamba hofu yake ni ya uwongo.

Lakini nilimwuliza: usiku ule ungekuwa nayo, ungefanya nini? Alinyamaza kidogo, kisha akasema kweli. Alisema mikono yake ilikuwa kwenye usukani, mkanda wa gari umempita kiunoni, na kisu kilikuwa nyuma yake. "Pengine nisingeifikia, mjomba. Na pengine ningeifikia, na sasa hivi usingekuwa unazungumza nami." Kwa hiyo alinunua bastola kwa ajili ya usiku ambao bastola isingemfaa. Simcheki. Aghalabu binadamu hununua ngao ya vita vilivyokwisha.

Hapa ndipo suali lake la moja au mbili lilipoanza kunionyesha uso wake wa pili. Wote wanaolijadili hutazama bastola iliyobebwa. Nadra kuitazama iliyoachwa. Mwenye bastola mbili, hata aipange vipi misimu yake, kila saa ya maisha yake kuna moja ambayo haiko mwilini mwake. Iko wapi? Mpwa wangu ana watoto wawili, mkubwa ana miaka 14 na amekuwa mkimya mwaka huu, kama wanavyokuwa wa umri wake. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini Marekani. Katika hao, 26,328 walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu! Tunapowazia bastola tunamwazia mgeni mlangoni, kumbe wengi iliowaua walikuwa mikononi mwa nafsi zao, na wengi wao katika nyumba walizozizoea. Mtu huchagua aibebe ipi, na kwa kuchagua huko huko huchagua ipi aiache na watoto. Uchaguzi wa pili hautajwi, nao ndio mzito.

Mwenye moja hesabu yake ni nyepesi: ama iko mwilini, ama imo ndani ya sanduku la chuma na ufunguo anao yeye. Akiigusa ala na kuikuta tupu, anajua ana jambo la kulitafuta. Mwenye nyingi huzoea kwamba daima kuna moja isiyokuwepo. Kutokuwepo kwake hakumshtui. Basi umoja una faida nyingine ambayo Hick hakuipima: humbakishia mtu hesabu ya dhamana yake.

Kisha kuna jambo la kuficha. Sisi wa mwambao na visiwa hatuna sababu ya kujifanya wageni wa silaha. Bwana harusi wetu huvaa joho na jambia, na jambia limo katika bendera ya Oman. Lakini jambia huvaliwa mbele, tumboni, kila mtu alione. Husema na watu: mimi ni nani, nimetoka wapi, leo ni siku gani. Imepokewa pia kwamba Mtume alimwamrisha apitaye msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake asije akamjeruhi mtu. Yaani mwenye silaha ndiye wa kwanza kubeba wajibu kwa wasiokuwa nayo. Aliyeificha wajibu wake umezidi, maana wenziwe hawawezi kujihadhari na wasichokijua. Anayemtukana barabarani hajui anamtukana nani. Anayemgonga gari nyuma hajui anashuka kugombana na nani. Kwa hiyo mwenye silaha ya siri amepoteza haki ambayo sisi wengine tunayo, haki ya kugombana. Yampasa awe wa kwanza kuomba radhi hata akiwa na haki, wa kwanza kuondoka, wa kwanza kutoa fedha. Walimu wa huko walio makini huwaambia wanafunzi wao hivyo hivyo.

Na hapo ndipo palipo na umoja ulio muhimu kuliko idadi ya bastola. Mtu aliyebeba na mtu asiyebeba wawe mtu mmoja. Nikiwa mpole nisipokuwa nayo na jeuri nikiwa nayo, basi hata nikiwa na bastola moja, mimi ni wawili. Nikivuka barabara bila woga nikiwa nayo na nikatetemeka nisipokuwa nayo, basi ujasiri ule haukuwa wangu, ulikuwa wa chuma, nami nilikuwa mpagazi wake.

Mtu atajuaje? Njia ninayoijua ni moja tu, nayo ni kuiacha siku moja na kujitazama. Na hapa, baada ya kuzunguka kote, nililielewa suali la mpwa wangu. Bastola ya pili, ile ndogo ya kiangazi, haiongezi ulinzi wowote siku ambazo ya kwanza ipo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba siku ya kutembea mikono mitupu haiji kamwe. Watu huiita busara. Lakini siku hiyo ndiyo shahidi wa pekee aliyebaki. Hiyo tu ndiyo ingeweza kumwambia kama hofu yake imepungua tangu usiku wa kisu au imekua. Kama yeye ndiye aliyeibeba bastola au bastola ndiyo iliyombeba yeye. Kununua ya pili ni kumziba shahidi huyo mdomo.

Nilimpigia simu Ijumaa iliyofuata na kumjibu hivi: "Mwanangu, mimi nisingebeba, nawe wajua. Lakini hukuniuliza hilo. Kama umeshaamua kubeba, beba moja, ijue vyema, na sanduku lake liwe la chuma, ufunguo usiujue mtoto. Na kama kiangazi hakikuruhusu kuivaa, basi usikishinde kiangazi. Kichukulie kuwa ni rukhsa. Fanya kazi mchana miezi hiyo ukiweza, usipoweza, chagua mitaa, na ujitazame."

Hakunikubalia. Aliniambia kwamba mchana malipo ni madogo, na kwamba mitaa haichaguliwi na dereva. Alisema atafikiri. Alinunua sanduku, hilo alilifanya siku ile ile, na nililipokea kuwa ni jibu kubwa kuliko nililolistahiki.

Mwishoni mwa Julai alinipigia tena, kwao ilikuwa alfajiri, kwetu adhuhuri imekaribia. Alisema ametoka kazini, na kwamba usiku ule hakuwa na kitu kiunoni, kwa sababu ya joto. Ya pili hajainunua; hajasema kuwa hatoinunua. Alisema alizihesabu taa nyekundu zote alizosimama. Nikamwuliza zilikuwa ngapi.

"Thalathini na nne," akasema. Kisha akaongeza: "Za mwisho sikuzihesabu. Nilikuwa nazungumza na abiria."